Mizigo na Furushi: Melody Beattie na Kipimo cha Utegemezi-Mwenza

Kitabu cha Melody Beattie, Codependent No More, kilitolewa mwaka 1986 katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Tangu hapo kimeuzwa kwa mamilioni ya nakala, na mwaka 2022 kilitolewa tena kikiwa kimesahihishwa, miaka mitatu kabla ya mwandishi wake kufariki dunia. Hakikuandikwa na mwanatheolojia wala na daktari. Hata hivyo ni vitabu vichache vya ushauri vya kizazi hicho vilivyoacha alama kama hiyo katika lugha ya wachungaji, kwa maana neno lake kuu limekwisha kuvuka bahari na kuingia katika semina za ndoa na mafunzo ya ushauri hata kwetu. Katika makala hii tunauliza mambo mawili. Kwanza, neno hilo linaona nini ambacho Kanisa lilikuwa halikioni? Pili, je, kile linachokiona chaweza kupimwa kwa karatasi ya maswali, kama wataalamu kadhaa walivyojaribu kufanya? Tuseme mapema kwamba swali la kwanza tunalijibu kwa shukrani, na la pili kwa mashaka makubwa.

Tuanze na neno lenyewe, maana hapo Kiswahili kinatugomea, na kina sababu. Kwetu kutegemeana ni sifa. Tunasema mkono mmoja haulei mwana, tunachangiana arusi na misiba, na mtu asiyemtegemea yeyote humwonea huruma au humshuku. Mchungaji akimwambia mama wa usharika kwamba ugonjwa wake ni kutegemeana na mume wake, mama huyo atadhani amesifiwa. Kwa hiyo tutatumia neno utegemezi-mwenza, ambalo si zuri masikioni lakini angalau halidanganyi. Maana yake ni hali ya mtu ambaye ameachia mwenendo wa mwenzake utawale maisha yake, naye kwa upande wake hawezi kupumzika katika kutaka kuutawala mwenendo ule. Hayo mawili huenda pamoja: kutawaliwa na kutaka kutawala. Ndiyo kusema, mtegemezi-mwenza si mtu dhaifu tu. Mara nyingi ndiye mwenye nguvu kuliko wote nyumbani, na nguvu zake zote zimekwenda mahali pamoja.

Wazo hili lilizaliwa katika nyumba za walevi. Chama cha Alcoholics Anonymous kilianza Akron, Ohio, mwaka 1935, na kilikuwa cha walevi wanaotaka kuacha pombe. Wake zao walikuwa wakiwasindikiza mikutanoni, wakipika kahawa na kungoja, na katika kungoja huko wakagundua kwamba wao nao wana jambo la kuzungumza. Mwaka 1951 Lois Wilson, mke wa mmoja wa waasisi wa chama kile, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Al-Anon kwa ajili ya jamaa za walevi. Kule Minnesota, hospitali ya Willmar na kituo cha Hazelden, kilichoanzishwa mwaka 1949, vilijenga njia ya matibabu iliyounganisha daktari, mshauri aliyewahi kuwa mlevi, na mchungaji. Wasomaji wa jarida hili watapenda kujua kwamba mmoja wa wachungaji waliofanya kazi Willmar katika miaka ya 1950 alikuwa Mluteri, John Keller, ambaye kitabu chake juu ya huduma kwa walevi kilitoka mwaka 1966. Hivyo wazo hili si mgeni kabisa katika nyumba yetu. Lilikulia jirani na makanisa ya Kiluteri, katika jimbo lililojaa wajukuu wa wahamiaji kutoka Ujerumani na Skandinavia, watu waliofundishwa kufanya kazi, kunyamaza na kutokuwasumbua wengine.

Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wamemtazama mke wa mlevi kwa jicho lisilo la huruma. Mwaka 1953 Thelma Whalen, mfanyakazi wa ustawi wa jamii kule Texas, aliwagawa wake hao katika aina nne na kuzipa majina ya kuchekesha: Susan mteseka, Catherine mtawala, Winnifred msitasita, na Polly mwadhibu. Hoja iliyo nyuma ya majina hayo ni kwamba mwanamke huyo alimchagua mlevi kwa sababu alimhitaji mlevi. Mwaka uliofuata Joan Jackson, baada ya kuwasikiliza wake za walevi kwa muda mrefu mjini Seattle, alitoa maelezo mengine kabisa. Alionyesha kwamba jamaa hupita hatua saba, tangu kukana kwamba kuna tatizo hadi kujipanga upya pasipo baba au pamoja na baba aliyeacha pombe, na kwamba mambo tunayoyaona ya ajabu katika mke ni jibu la mtu aliyepatwa na msiba usiokwisha. Tunaomba msomaji ayashike maelezo haya mawili. Ugomvi wote juu ya kipimo ni ugomvi kati ya Whalen na Jackson, ingawa wapimaji wengi hawawataji.

Beattie alikuwa amepita pande zote mbili za meza. Yeye mwenyewe alikuwa mtumwa wa pombe na madawa ya kulevya, akapona, akawa mshauri wa wake za watu waliokuwa wakitibiwa, kisha akagundua kwamba mume wake mwenyewe anakunywa kwa siri. Ndiyo maana kitabu chake kina sauti ambayo vitabu vya wataalamu havina. Anajua jinsi mtu anavyohesabu chupa, anavyolala akisikiliza hatua za miguu njiani, anavyopiga simu kazini kusema mume ni mgonjwa. Nasi tunawajua watu hao. Tunamjua mke wa mzee wa kanisa ambaye Jumapili asubuhi humwambia mwinjilisti kwamba baba ana malaria. Tunamjua mama anayelipa deni la kilabuni kwa fedha za kahawa ili jina la ukoo lisichafuke, na binti wa miaka kumi na miwili anayejua kumvua baba yake viatu bila kumwamsha. Kila mmoja wao anazuia aibu leo, na kwa kuizuia leo anaifanya iwe ya lazima kesho.

Na Kanisa lilisema nini? Lilisema uvumilivu. Hatutaki kuwa wepesi hapa, maana uvumilivu ni tunda la Roho na hakuna ndoa inayodumu bila huo. Lakini mara ngapi tumesimama makaburini tukasikia marehemu akisifiwa kwamba alikuwa mama mvumilivu, na kila mtu aliyesimama pale akajua alivumilia nini, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama alitaka msaada? Tulikuwa na jina zuri la kuufunika utumwa wake. Beattie analiondoa jina hilo. Anamwambia mwanamke kwamba hakusababisha ulevi wa mumewe, hawezi kuutawala, wala hawezi kuuponya, na kwamba anaruhusiwa kulala. Sura zake juu ya kujitenga kwa upendo, yaani kumwachia mwenzako matokeo ya matendo yake bila kumchukia, ndizo bora kuliko zote. Tungependa kila mchungaji azisome.

Sasa tuje kwenye udhaifu wake. Orodha ya dalili katika kitabu hiki imepangwa chini ya vichwa zaidi ya kumi na inaendelea ukurasa baada ya ukurasa: kujali kupita kiasi na kutojali, kusema sana na kunyamaza, kuwa na hasira na kukosa hasira. Hakuna anayepona katika orodha hiyo. Mwaka 1992 mwandishi Wendy Kaminer aliwadhihaki Wamarekani wenzake kwa sababu hii hasa, kwamba ugonjwa unaompata kila mtu si ugonjwa tena. Beattie anaweza kujitetea kwamba aliandika ili watu wajitambue, wala hakuandika mwongozo wa hospitali, na tena anasema waziwazi kwamba mienendo hiyo ilianza kama njia za kujikinga. Utetezi huo tunaukubali. Lakini waliomfuata na waliokwenda sambamba naye walitaka zaidi ya hapo. Walitaka jina la ugonjwa na namba ya ugonjwa.

Mwaka huohuo wa 1986 daktari Timmen Cermak alitoa vigezo vya kuutambua utegemezi-mwenza kama ugonjwa wa nafsi, akitumaini vitaingizwa katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani. Kiini cha vigezo vyake ni kizuri: mtu anayeweka heshima yake yote katika uwezo wa kujitawala na kuwatawala wengine, hata pale matokeo yanapokuwa mabaya, anayebeba mahitaji ya wengine na kusahau yake, asiyejua mpaka kati yake na mwenzake. Lakini katika dalili za nyongeza ambazo daktari huzihesabu, moja ni kwamba mtu amepigwa au kunajisiwa mara kwa mara, na nyingine ni kwamba amekaa na mlevi kwa miaka miwili au zaidi pasipo kutafuta msaada nje. Tusimame hapa kidogo. Jambo alilotendewa mwanamke limeandikwa kama dalili ya ugonjwa wake. Mkono uliopiga ni wa mume, lakini alama inawekwa kwenye faili la mke. Mwongozo uliotolewa mwaka 1987 haukulikubali pendekezo hilo, wala ule wa 1994, wala ule wa 2013. Tunaona kwamba waliolikataa walifanya vema, ingawa hatudai kwamba walilikataa kwa sababu yetu.

Waliokuja baadaye waliacha lugha ya ugonjwa wakashika lugha ya kipimo. Kinachojulikana zaidi ni kile cha Judith Fischer, Lynda Spann na Duane Crawford, kilichotolewa mwaka 1991. Kina kauli 16, na kwa kila kauli mtu huchagua moja ya ngazi sita, tangu kukataa kabisa hadi kukubali kabisa, hivyo jumla yake huwa kati ya 16 na 96. Waandishi wake walieleza utegemezi-mwenza kwa mambo matatu: kuelekeza macho nje ya nafsi kupita kiasi, kutoonyesha hisia waziwazi, na kutafuta maana ya maisha katika uhusiano na wengine. Kule Australia ya Magharibi, Greg Dear na Clare Roberts walitoa mwaka 2000 kipimo kingine cha kauli 13, kilichogawanyika katika kujitoa mhanga, kuangalia nje, na kuyumbishwa na matatizo ya mwenzi. Hiki cha pili tunakiona makini zaidi, kwa sababu hakichanganyi mambo hayo katika namba moja kwa pupa.

Hatuna ugomvi na hesabu yenyewe. Watu waliopewa kipimo hiki mara mbili hujibu kwa namna inayokaribiana, na alama za juu zimeonekana kwenda pamoja na sonona, wasiwasi na kujidharau. Lakini hapo ndipo shaka yetu inapoanza. Ikiwa kipimo kinapanda pamoja na sonona na wasiwasi, tutajuaje kwamba hakipimi sonona na wasiwasi kwa jina jipya? Tena, zitazameni kauli zake. Moja inahusu ugumu wa kupokea sifa. Nyingine ugumu wa kusema hapana. Nyingine hatia mtu anayoiona anapojifanyia jambo jema yeye mwenyewe. Sasa mpeni karatasi hiyo bibi wa Kilimanjaro au wa Bukoba aliyelelewa vizuri. Akisifiwa atainamisha kichwa na kusema ni Mungu tu. Mgeni akibisha hodi wakati chakula ni kidogo hatasema hapana. Atapata alama za juu, naye anaweza kuwa mtu huru kuliko wote kijijini. Halafu mpeni mwanamume anayemtegemea mke wake kwa kila kitu, chakula, nguo, fedha na heshima, lakini hajawahi kuona hatia kwa kujifurahisha. Alama zake zitakuwa chini. Nani kati yao hawezi kusimama bila mwenzake?

Jambo hili liliandikwa mapema na wanawake wa Marekani wenyewe. Mwaka 1990 Jo-Ann Krestan na Claudia Bepko walionyesha kwamba neno utegemezi-mwenza limechukua mambo ambayo jamii huwafundisha wanawake kuyafanya, kisha likawaita wagonjwa kwa kuyafanya. Kwetu hoja hiyo ina uzito zaidi. Kipimo kinadhani kwamba mwanamke anayebaki amechagua kubaki, na kwamba kilichomzuia kuondoka kiko ndani ya moyo wake. Lakini katika kihamba cha Kilimanjaro shamba ni la ukoo wa mume, nyumba iko juu ya shamba, na watoto huhesabiwa kuwa wa ukoo. Kaka zake wanakumbuka mahari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inakataza mwanandoa kumpiga mwenzake kwa kumwadhibu, lakini ni wangapi wamewahi kusomewa kifungu hicho kanisani? Mwanamke huyo anapohesabu hatua za mumewe usiku, huenda anafanya jambo la akili kuliko yote, yaani kujua kama watoto walale ndani au kwa jirani. Jackson angemwelewa. Karatasi ya kauli 16 haina mahali pa kuliandika shamba.

Lakini tusiponye jeraha juujuu kwa kusema kwamba kosa lote liko nje, katika mila na mali. Wako watu ambao shamba ni lao, fedha ni zao, hakuna anayewapiga, na bado hawawezi kumwachia mwana wao mtu mzima aone njaa ya siku moja aliyoitafuta mwenyewe. Hapa theolojia yetu ina neno la kusema, na ni ajabu kwamba hatukulisema mapema. Mwaka 1520 Luther aliandika juu ya uhuru wa Mkristo, akaweka kauli mbili zinazoonekana kupingana: kwamba Mkristo yuko huru na hana bwana, na kwamba Mkristo ni mtumishi wa wote. Kauli ya pili haieleweki bila ya kwanza. Anayemtumikia jirani ili apate kuwa mtu, ili ahesabiwe haki mbele ya ukoo au mbele ya macho yake mwenyewe, hajaanza kumtumikia jirani bado, anamtumia. Katika mafundisho yake juu ya Warumi, miaka ya 1515 na 1516, Luther alimweleza mwenye dhambi kuwa ni mtu aliyejikunja ndani ya nafsi yake. Hatukuzoea kumwona mama anayejitoa kwa kila mtu kuwa amejikunja. Lakini iko huduma ambayo kwa nje ni mikono iliyokunjuliwa na kwa ndani ni ngumi.

Dietrich Bonhoeffer aliliona jambo hili waziwazi zaidi. Katika kitabu chake juu ya maisha ya pamoja, kilichotoka mwaka 1939 baada ya seminari yake ya Finkenwalde kufungwa na polisi wa Hitler, alitofautisha upendo wa kibinadamu na upendo wa kiroho. Ule wa kwanza unamtaka mwenzake kwa ajili yake wenyewe, unataka kumshika na kumfanya awe kama unavyopenda, nao hugeuka kuwa chuki anapokataa. Ule wa pili unamwacha awe mtu wa Kristo. Na anapoeleza huduma ya kubeba mizigo, anasema jambo ambalo washauri wa Minnesota wangelifurahia: mzigo wa kwanza tunaobebeshwa na ndugu ni uhuru wake. Tunapaswa kuvumilia kwamba yeye si sisi. Tazameni jinsi neno kuvumilia linavyogeuka hapa. Mvumilivu ni yule anayeweza kukaa mikono mitupu wakati mwenzake anavuna alichopanda.

Paulo anayaweka yote mawili katika sura moja ya Wagalatia, ya sita. Katika mstari wa pili anaamuru tuchukuliane, na katika mstari wa tano anasema kila mmoja atachukua cha kwake. Wanafunzi huuliza kama amejisahau. Katika Kigiriki ametumia maneno mawili, na watafsiri wa Biblia yetu ya Union walilihifadhi jambo hilo vizuri kuliko tafsiri nyingi: kwanza ni mizigo, kisha ni furushi. Mzigo ni uzito unaomwangusha mtu, nao hubebwa na wengi. Furushi ni lile analofunga msafiri asubuhi, kila mtu kwa kipimo chake. Msiba, ugonjwa, njaa ya watoto, hofu ya kupigwa ni mizigo, na usharika usipoishika umekosa. Kwenda kazini, kulipa deni la pombe, kumwambia mwinjilisti ukweli ni furushi la yule mlevi. Mtegemezi-mwenza amebeba furushi la mtu mwingine, na kwa sababu mgongo wake umejaa, hakuna aliyeona kwamba yeye mwenyewe ana mzigo.

Je, mchungaji afanye nini na karatasi za maswali? Tunashauri asizitumie kumpa mtu alama, wala asimpe mtu jina la ugonjwa ambao madaktari wenyewe hawakuuandika. Baadhi ya kauli zake zinaweza kumsaidia kuanzisha mazungumzo, kama akiziuliza kwa mdomo, kwa lugha ya nyumbani, na bila kalamu mkononi. Lakini yako maswali ambayo hazina, nayo ndiyo yanapaswa kutangulia. Shamba ni la nani? Ukiondoka, watoto watalala wapi? Na liko moja ambalo Kiswahili kinaliuliza kwa ufupi: akichelewa usiku, unamwogopea au unamwogopa? Yule anayemwogopea mumewe na yule anayemwogopa watajaza ngazi ileile katika karatasi, kwa kuwa wote wawili hawalali. Wa pili anahitaji mlango wa kukimbilia usiku huohuo, na wazee wa usharika waliokubaliana mapema ni mlango wa nani. Wa kwanza anahitaji mtu wa kukaa naye majira mengi, na kwa huyo sura za Beattie juu ya kujitenga zinafaa kusomwa polepole, mbili au tatu kwa mwezi, pamoja na Wagalatia.